Kitanda Kilichopandishwa Cheo

Kitanda kililia kriii kabla hakujapambazuka, kama kilivyolia kila alfajiri tangu Mama Delia Considine aolewe. Alikipapasa kama anayemuaga msafiri. Siku hiyo kilikuwa kinapandishwa cheo.

Tangazo lilikuwa limebandikwa kwenye mlango wa kanisa wiki nzima. Kamati ya Taifa ya Malazi ya Kiongozi ilikuwa imeridhika kwamba, wakati wa vita vya kuwatoa Waingereza, Kiongozi mwenyewe, Mheshimiwa Fintan Mulqueen, alilala katika kitanda hicho siku tatu. Kwa hiyo kitanda kitahamia makumbusho ya mji mkuu, Dublin, na mwenye kitanda atapewa cheti. Kamati ilikuwa imekwisha kukusanya vitanda mia mbili, na kumi na tisa kati ya hivyo Kiongozi alivilalia usiku mmoja uleule. Hakuna aliyeshangaa. Alikuwa mtu wa haraka.

Mama Delia hakuwa na kitanda kingine. Alimweleza hivyo katibu wa kamati, Bwana Tuohy, mtu mpole aliyefuta viatu kabla ya kuingia. Akamwambia pia kwamba Fintan hakukilalia kamwe. Bwana Tuohy akafungua kanuni: pakizuka shaka, aliyelala ataonyesha mwenyewe alivyolala.

Mheshimiwa akafika na magari matatu na tumbo moja.

"Haya, mwanangu," Mama Delia akasema. "Ulilala wapi?"

Kiongozi akakitazama kitanda, akamtazama yeye. Kulidanganya taifa si kazi ngumu. Kumdanganya aliyekulisha mkate wa moto siku tatu, hiyo ni kazi. Akavua kofia, akaingia uvunguni.

Humo alikuwamo kuku, kama zamani. Enzi zile Mama Delia alimweka ili askari wa mfalme wa Waingereza wakisikia kishindo wadhani ni kuku. Walipokuja, kuku akanyamaza, ikabidi Fintan atetee mwenyewe badala yake.

Bwana Tuohy akaandika: kuku, mmoja.

Kuingia Kiongozi aliingia. Kutoka, tumbo likagoma. Na kanuni ilisema kitanda cha taifa hakiinuliwi bila kibali cha Dublin, nacho huchukua wiki mbili.

Mama Delia akapiga magoti polepole, akamsogezea chai na mkate, akamfuta vumbi usoni. "Siku hizi wanakulisha, naona."

Waandishi wa magazeti wakachungulia mlangoni. Mmoja akauliza kuna nani uvunguni.

"Ko-ko-koo," akajibu Kiongozi wa Taifa.

Wakaenda kumtafuta bustanini. Bwana Tuohy akafuta, akaandika: kuku, wawili.

"Tuohy," sauti ikanong'ona kutoka chini, "lete karatasi."

Kiongozi akaandika akiwa amelala kifudifudi: *Sijapata kulala katika kitanda hiki.* Akatia saini. Papo hapo kitanda kikashushwa cheo, kikawa mali ya Mama Delia, na mali ya raia huinuliwa na yeyote mwenye mikono. Wakakiinua watu wanne.

Mlangoni Mama Delia akamtoa unyoya begani, akamfungia mkate uliobaki kwenye kitambaa.

"Uvungu wako upo palepale," akasema. "Uje tena kunitazama, mwanangu."