Samaki Aliyekua Wakati wa Maombi

Mutanu ndiye aliyegundua kwanza kwamba jikoni mwa hoteli ya Kalondu, pale Mutomo, hamkuwa na chumvi. Maji ya kisima, kwa chumvi yake, yalikuwa yameshakoleza maharagwe. Kalondu alipenda jicho lake hilo, akamwomba abaki wapike pamoja. Mutanu aliangalia vidole vyake vya miguu, maana alikuwa msaidizi wa Musyimi, na hakuwahi kumwambia Musyimi hapana.

Habari ya chumvi ilipomfikia Musyimi, aliacha kutafuna. Alikuwa mtu wa kuishi kwa ulimi kama kinyonga, na hapo alikuwa ameona nzi.

Mzee wa kanisa, Kilonzo, alikuwa na bwawa la maji hayo hayo ya chumvi, lenye samaki waliokataa kupita urefu wa kidole. Jumapili, ibada ilipokwisha, Musyimi alisimama mbele ya waumini akiwa na koti jeupe, akajiita daktari wa homoni. Akaeleza kwamba samaki ana homoni ya kumkuza, nyingine ya kugeuza chakula kiwe nyama, na ya tatu ya kumfundisha kuvumilia chumvi. Kwa samaki wa Mutomo hiyo ya tatu ilikuwa imelala fofofo. Dawa ya kuiamsha ilikuwa kwenye chupa: maji na rangi ya keki.

Akatia matone kwenye beseni lenye kisamaki cha Kilonzo, kisha akawataka waumini waombe. Katika kanisa lile, kufumbua macho wakati wa maombi ni vibaya kuliko kuiba kuku. Kilonzo aliomba kirefu, akapitia mvua, mbuzi na serikali. Mutanu akatoa kwenye ndoo yake, chini ya leso, samaki mkubwa kama kiatu cha askari, akabadilisha.

Amina ilipotoka, watu walinunua chupa wakikanyagana. Kimeu, mfupi tangu kuzaliwa, alikunywa yake yote na kuapa kwamba suruali imeanza kumbana. Musyimi alikuwa ameshaelekea mlangoni Kilonzo alipomwita.

"Daktari, huyu samaki amekua tukiomba?"

"Tukiomba, mzee."

"Basi si wangu, si wako. Ni wa Bwana. Na cha Bwana hapa tunakiuza kwa mnada. Mgeni ndiye hufungua."

Daktari mchoyo angerudishiwa chupa zake, kwa hiyo Musyimi akanunua. Kwaya ikaimba. Lakini desturi ya pale ni kwamba mnunuzi mwenye moyo hukirudisha mezani alichonunua kiuzwe tena. Akina mama wakamsifu Musyimi, wakamrudisha samaki kwa niaba yake, naye akanunua tena. Na tena. Mifuko yake ilipokauka kabisa, Kalondu alimchukua samaki kwa bei ya chai na kumpeleka kwenye kikaango.

Nje, Musyimi alikunja koti lake.

"Kasikeu pia kuna mabwawa," akasema. "Beba ndoo twende."

Mutanu aliangalia vidole vyake vya miguu. Kisha akainua uso.

"Sitaki, Musyimi. Hata ile mara ya kwanza sikutaka."