Konyaki kwa Afisa wa Uraia

Jumatatu, 3 Machi
Nimelificha muda mrefu: mimi si Mmarekani. Mimi, Hrant, mwalimu niliyewakaririsha nusu ya Waarmenia wa Glendale majibu ya mtihani wa uraia kwenye ukumbi wa kanisa. Wote wamekula kiapo. Mimi nilijaribu mara moja, ujanani, nikarudi nyumbani nikidai nimefaulu. Kila uchaguzi natembea na kibandiko wanachopewa waliopiga kura kifuani. Zamani nilikibandua kwenye nguo ya marehemu mke wangu. Siku hizi namwibia jirani, Arshavir, mfukoni mwa koti lake tukicheza nardi, mchezo wetu wa dadu.

Daktari anasema moyo huu hautadumu hadi nionje matunda ya aprikoti ya kiangazi hiki. Sitaki kufa mgeni. Mahojiano ya uraia ni Alhamisi. Siri.

Jumanne, 4 Machi
Arshavir amenusa kitu. Kauliza mbona nimenyoa katikati ya wiki. Nikasema naenda kung'oa jino. Akasema, "Mwalimu, meno yako si yamo kwenye glasi?" Akanifunga nardi mara tatu.

Jumatano, 5 Machi
Mjukuu wangu Nazeli, atakayenipeleka, kanionya: "Babu, uende mikono mitupu. Huku si Yerevan." Nimeapa. Lakini kwetu Armenia, aingiaye ofisini mikono mitupu amemtukana aliyekaa mezani. Chupa ya konyaki imo ndani ya soksi ya sufu. Soksi imo ndani ya koti.

Alhamisi, 6 Machi
Maswali yote nimejibu. Afisa, binti mpole, akanipongeza, akashika kalamu atie sahihi. Shukrani ikanizidi. Soksi mezani. Akaisukuma kwangu. Nikaisukuma kwake. Nikamnong'oneza kwamba ni konyaki iliyokaa pipani miaka ishirini. Akaweka kalamu chini, akamwita mkubwa wake. Jalada langu limezuiwa hadi wachunguze.

Nje, kando ya Nazeli, nikamkuta Arshavir na kibendera cha Marekani. Kumbe miaka yote alijua mimi si raia. Vibandiko alikuwa akiviacha vichungulie mfukoni makusudi. Akaniuliza nimekwama kwenye swali gani. Nikasema la katiba.

Ijumaa, 7 Machi
Arshavir ananishauri nijitahidi kuwa hai hadi jalada lifunguliwe. Nimemwomba Nazeli aoke gata, mkate wetu mtamu, kubwa na yenye siagi ya kutosha. Nitampelekea yule mkubwa, kumwomba radhi.

Na kwa kuwa nakufa, nakiri: hata ile mara ya kwanza sikuangushwa na mtihani. Ilikuwa konyaki. Ya miaka mitano tu. Nilidhani ni uchanga wake uliomuudhi afisa.