Samaki Asiye na Kichwa

Jumatatu, 3 Agosti 1953

Hasira tangu alfajiri. Dada Coletha kashuka kwenye lori la pamba na salamu za Baba: wiki hii ikiisha sina kazi yenye paa, nirudi Samuye kuchuma pamba, na maneno ya mjini niyaache hukuhuku. Mimi! Mtu mwenye kalamu mbili za wino!

Kazi ipo. Jumba la Welfea, lile la mikutano na mafunzo ya watu wazima, linatafuta mtunzaji. Chumba cha bati, ufunguo mkubwa, kiti cha kuegemea. Katibu, Bwana Stanslaus, katangaza kwamba anayeitaka asimame Jumamosi na kuwafundisha watu jambo wasilolijua. Herman, anayeitaka kazi hiyohiyo, kachagua mbolea. Mbolea! Shinyanga nzima ina ng'ombe, nani asiyeijua mbolea? Mimi nimechagua samaki wa bahari. Bahari iko mbali, huko treni inakoishia. Nani atanikosoa?

Jumanne, 4 Agosti

Nani? Kibwana Pazi. Mzaramo muuza kofia pale sokoni. Yeye mwenyewe nilikuwa nimemsahau.

Kaja hadi barazani kwangu, kanivua kofia, kaivaa, kisha kauliza mbele za watu Msukuma na bahari wapi na wapi, mtu hata beseni analinawia kwa mbali. Watu wakashika mbavu. Ningekuwa na haki ningemrushia kiatu. Sina. Msukuma na Mzaramo ni watani tangu enzi za mababu, na mtani hakasirikiwi. Ukikasirika, faini kuku.

Nikacheka. Taya zinaniuma hadi sasa. Kofia kaondoka nayo.

Jumatano, 5 Agosti

Utafiti. Mama Euphrasia mwenye mgahawa karibu na stesheni huletewa gunia la samaki wakavu kutoka pwani. Nikampa shikamoo mbili, ya kwake na ya marehemu mumewe, akanifungulia stoo.

Nimeona mengi. Samaki wa bahari ni bapa kama mkeka. Rangi yake ni ya udongo. Ana chumvi hadi mfupani, na hapo nikaelewa bahari ilipopatia chumvi: ni jasho lao. Kichwa hana. Nimepekua gunia lote mpaka chini. Hakuna hata kimoja.

Nikamweleza Mama Euphrasia ugunduzi wangu. Akaniangalia kama mtu anayeangalia maziwa yaliyoganda. Akasema, ng'wanone, mwanangu, samaki hukatwa kichwa na kupasuliwa kabla ya kuanikwa. Akaniuliza kwani michembe ninayokula kila siku, viazi vyake huchimbwa vikiwa vipande?

Nikamjibu kwa heshima kwamba michembe ni chakula na hili ni elimu. Akaninyang'anya samaki niliyekuwa namtafuna kwa uchunguzi.

Hasira. Na kiu.

Alhamisi, 6 Agosti

Nimejishusha. Nimemwendea Kibwana. Sikumwambia nataka kujua, nilimwambia nampima. Ujanja huo!

Akanipa kahawa, akajifanya mtu mwema. Akasema kuna samaki aitwaye pono, wapo ambao wakilala hujifunika chandarua cha ute wao. Chandarua! Na kuna mwenye uso wa farasi, dume ndiye hubeba mimba. Na papa, wapo wanaozaa watoto wazima kama mbuzi. Na bunju, ukimchokoza hunywa maji akavimba akawa mpira wa miiba.

Nilitikisa kichwa kama mtu anayeamini. Ndani nilikuwa natokota. Mshenzi huyu ananipikia aibu ya Jumamosi! Nimefika nyumbani nimefuta yote. Nabaki na gunia. Gunia halina utani na mtu.

Ijumaa, 7 Agosti

Nimejaribu mhadhara mbele ya Coletha. Kasinzia. Alipoamka akauliza samaki asiye na kichwa anakula kwa wapi. Nikamwambia wasichana wa siku hizi maswali yamewazidi.

Nikaliwaza swali lake nikinyoa ndevu, nikajikata. Jibu nimelipata hata hivyo. Hali kitu. Chumvi inampenya kwenye ngozi na inamtosha.

Jumapili, 9 Agosti

Naandika nimelala kifudifudi. Sababu itaonekana.

Jana jumba lilijaa. Herman akasema mbolea yake, na wazee wakamwuliza maswali hadi akaombewa maji ya kunywa apumzike. Ikaja zamu yangu. Nilianza vizuri. Niliposema kichwa hana, watu wakatazamana. Kisha kicheko, mama zangu, kicheko cha kutikisa bati. Bwana Stanslaus alivua miwani akaipangusa, kana kwamba kosa lilikuwa la miwani.

Kibwana akasimama nyuma kabisa. Akasema msimcheke mtani wangu, kwao samaki huota kwenye magunia. Akaja mbele na kikapu chake, akatoa dude la mviringo, kavu, lina macho, lina mdomo, lina miiba mwili mzima. Akasema huyu ni bunju, kakaushwa akiwa amevimba. Akamweka juu ya kiti changu, watu wakione hicho kichwa.

Nikakasirika. Hadharani! Nikapaza sauti kwamba hicho ni kibuyu kilichochomekwa miiba. Na mimi kibuyu nakijua. Kibuyu kikavu ukikikalia hupasuka kwa mlio ninaoujua tangu utoto. Nikaona niwathibitishie.

Nikakaa.

Mlio uliosikika haukuwa wa kibuyu. Ulikuwa wangu.

Kazi kapewa Herman. Mbolea! Na Kibwana kadai kuku wake wa faini, palepale, mbele ya katibu.

Lakini ni yuleyule aliyenibeba nyumbani na kunitoa miiba kwa koleo. Akasema pole mtani, si nilikwambia yote? Nikamjibu aliniambia utani. Akaacha koleo. Akasema kofia yako nitaichukua, kuku wako nitamla, ila kazi ya mtu sifanyii utani. Yote aliyosema Alhamisi yalikuwa kweli, hata chandarua. Sauti yake haikuwa na kicheko.

Mnafiki mkubwa.

Alhamisi, 13 Agosti. Samuye

Pamba. Baba ananionyesha shamba kwa kidole tu. Nachuma nimesimama, maana kukaa bado.

Ila sijalala. Miiba mitatu niliificha Kibwana asiione. Juzi nimeipanda nyuma ya zizi, na maji nailetea asubuhi na jioni. Mwiba uliochomekwa kibuyuni haukosi kubeba mbegu, na kibuyu ni kibuyu, lazima kiote. Kikishatambaa juu ya ua nitapanda lori nacho, nikiweke mezani kwa Bwana Stanslaus, tuone huyo Mzaramo atacheka na nani.

Leo Coletha kapita na kikapu kichwani, kasimama, kaangalia kitalu changu kwa muda. Kisha kauliza eti miche ya bunju haihitaji chumvi kidogo?

Hasira. Nimengoja atokomee shambani, ndipo nikaenda jikoni kuichukua.