Somo la Asia la Kuvundika Kakao

Jumatatu, 5 Mei

Balaa! Meneja wetu, Felista, ametangaza kwamba chama chetu cha ushirika sasa kitajifunza mtandaoni. Kila mfanyakazi aandike anachokijua kuhusu kakao kwenye ukurasa wa pamoja. Wenzake wasome, waulize, wasahihishe. Wakulima nao watasoma kwa simu zao. Atakayefundisha vizuri kuliko wote atakuwa mratibu wa mafunzo. Na pikipiki juu!

Cheo hicho ni changu. Nilianza kukagua ubora wa kakao wakati Asia, karani wetu wa ghala, bado anavaa sare ya shule. Lakini niandike ninayoyajua, kila mtu ayajue? Mimi nitabaki na nini?

Jumanne, 6 Mei

Nimeandika somo: "Kakao ni zao muhimu." Nikaishia hapo, kwa makusudi. Msomaji mmoja. Ni mimi.

Asia ameeleza jinsi ya kuvundika kakao, tena kwa picha. Wakulima kuanzia Matema hadi Ikolo wanamshukuru: ndaga fijo, ndaga fijo. Felista amelisoma somo hilo kwa sauti ofisini. Chai ilinishinda.

Jumatano, 7 Mei

Mbinu! Ukurasa ni wa wote, anayetaka anasahihisha. Pale Asia alipoandika kwamba lundo la punje ligeuzwe kila baada ya siku mbili, nimesahihisha: lisiguswe kabisa mpaka lifunguliwe. Kakao isiyogeuzwa huota ukungu. Akilalamika mkulima mmoja tu, Asia kwisha.

Ijumaa, 9 Mei

Nimerudi nyumbani nikamkuta mke wangu, Tulinagwe, ameshalifunika lundo la kakao yetu yote kwa majani ya migomba. Nikauliza atageuza lini. Hageuzi! Kajisomea somo la Asia juzi jioni.

Nikamwambia ageuze. Akasema Asia kaandika lisiguswe. Nikamkumbusha kwamba mkaguzi wa ubora ni mimi.

"Baba Prisca," akasema, "kama unajua kumshinda Asia, mbona somo lako lina mstari mmoja?"

Akaongeza kwamba wivu utaniua. Nikisema ukweli nimejichimbia kaburi. Nikaenda kulala.

Jumapili, 11 Mei

Nimejifanya naumwa nisiende kanisani, nipate kuligeuza mwenyewe. Mama mkwe akabaki kuniuguza. Kakaa na kiti chake chini ya upenu, kando ya lundo, ananiombea. Mvua tangu asubuhi.

Jumatano, 14 Mei

Limefunguliwa. Harufu! Tulinagwe alipasua punje moja, ndani ukungu mweupe. Akapasua nyingine. Akaketi chini kwenye tope. Kakao hiyo ndiyo ingempeleka binti yetu kidato cha tano. Prisca mwenyewe akachuchumaa karibu na mama yake, akapasua naye, akitafuta nzima.

Tulinagwe alimpigia Asia. Akaja mbio. Akaeleza kwamba somo lake lilichezewa, akalirekebisha Alhamisi baada ya wakulima wenye shaka kumpigia simu. Tulinagwe akasema yeye hakuwa na shaka. Alimwamini. Kisha akauliza ni nani aliyelichezea.

Asia alinitazama. Halafu akainama.

"Tuokoe kwanza zilizopona, dada," akasema.

Wakachambua mpaka jioni. Zilizopona hazikujaza ungo. Tulinagwe alinitazama mara moja tu, akaenda kunawa. Heri angenitukana.

Ijumaa, 16 Mei

Asia ndiye mratibu. Mwanafunzi wa kwanza kuandikishwa ni mimi! Felista anasema itanifaa. Hajui kitu, Asia hajamwambia. Felista anasema pia kwamba ukurasa utabaki wazi kwa wote, maana maarifa hayafungiwi kabatini.

Prisca ameondoka kwenda kwa shangazi yake Itungi, kumsaidia kuanika usipa, dagaa wa ziwani. Hakuniaga. Tulinagwe ananitengea chakula, kisha anakwenda kula jikoni na mama yake. Nawasikia wakizungumza. Nikikohoa, wananyamaza. Nimelia kidogo, kijiko mkononi.

Nimejichunguza kwa unyenyekevu wote. Kosa langu nimeliona: nilichezea somo ambalo mke wangu angelisoma. Somo jipya la Asia, la kukausha kakao, bado hajalifungua.