Mtungi wa Moto Uko Kushoto

Jumatatu, 4 Machi
Kiwanda chetu cha sabuni kimeletewa miwani ya uhalisia pepe. Ukiivaa unaona kiwanda kinaungua, kumbe umesimama salama kwenye chumba cha mikutano. Meneja katangaza: atakayeshinda zoezi la Alhamisi ndiye msimamizi wa usalama. Mpinzani ninaye mmoja tu, dereva wa foklifti tunayemwita Twiga. Mke wangu ameshawaambia ndugu zake cheo ni changu. Maji nimeshayavulia nguo.

Jumanne, 5 Machi
Nimeiazima miwani. Meneja hajui kwamba ameniazima. Mazoezi sebuleni. Mlangoni, kushoto, mtungi wa kuzimia moto. Nikaukumbatia, nikaunyanyua. Mtungi ukapiga yowe. Alikuwa mama mkwe, ndiyo kwanza anaingia. Kumbeba mkwe! Nilitamani ardhi inimeze. Akamgeukia binti yake, akasema taratibu, "Mwanangu, huyu mumeo ni mzima?"
Mke wangu alichelewa kujibu. Hilo limeniuma.

Jumatano, 6 Machi
Nimerudisha miwani kimyakimya. Zoezi lote liko kichwani. Mlango, kushoto, mtungi, pini, moto. Twiga anazunguka kiwandani akikagua mitungi halisi. Mambo ya kizamani. Nimemwonea huruma.

Alhamisi, 7 Machi
Nimepata alama zote! Twiga kajikwaa kwenye ngazi ambazo hazipo. Meneja kanipa mkono, uteuzi utatangazwa kesho. Mke wangu ameimba jikoni. Mama mkwe kanisamehe kwa simu, kwa masharti.

Ijumaa, 8 Machi
Moto. Wa kweli, ghalani, kwenye maboksi. Nilifika wa kwanza, hilo waliandike. Nikaenda kushoto. Nikakamata hewa, nikavuta pini ya hewa, nikaupulizia moto hewa, wafanyakazi wote wakinitazama. Mtungi wetu uko kulia. Twiga akauchukua bila hata kuangalia, akazima. Meneja akamtangaza yeye papo hapo. Nyumbani nimesema tangazo limeahirishwa. Sijapata kuona aibu namna hii.

Jumamosi, 9 Machi
Nimetafakari. Kosa si langu, ni la ukuta. Nimemwendea meneja na kumshauri mitungi yote ihamishiwe kushoto, kiwanda kifanane na miwani. Akaniuliza kama nimelala vizuri. Nikamwambia vizuri sana, na kwamba mlango nao itabidi usogezwe kidogo.