Mtu Mkuu wa Sinema ya Magongo

Jumatatu, 2 Agosti 1948. Changamwe.

Siku yangu imewadia! Gari la sinema linakuja Magongo Jumamosi, na picha itakayoonyeshwa ni ile iliyopigwa Port Reitz mwezi wa Machi. Mimi nimo. Nusu siku nzima yule mzungu alinizungushia kamera: nikitembea, nikila, nikicheka. Akasema vizuri, vizuri, mara tatu. Pale stoo ninapopiga chapa magunia nimewaambia wote kuwa mtu mkuu wa sinema hiyo ni mimi, Charo.

Nimemwambia pia Mzee Mramba, baba yake Kache. Posa nilishapeleka, jibu bado. Akasema ataitazama sinema kwanza, jibu nitalipata Jumapili. Nani kama mimi!

Jioni nikaenda kanisani kumwarifu Mwalimu Absalom kuwa najitoa katika mchezo wake wa kuigiza. Miezi miwili tumefanya mazoezi, mimi ndiye mfalme. Lakini jukwaa ni kitu gani? Nikamweleza. Unatoka jasho, unasahau maneno, wa nyuma hasikii. Kwenye sinema uso wangu ni mkubwa kama mlango, sikosei, na nitaonekana Kisumu bila kupanda treni. Jukwaa ni la waliokosa kamera, kama nilivyomwambia Mzee Mramba. Absalom ni mtu wa bara, mpole. Akasema watu wakianza kukohoa yeye hujua aharakishe mchezo. Je, hilo shuka la sinema husikia kikohozi? Nikacheka. Papo hapo akachukua taji, akampa Fondo. Fondo! Sauti kama mbuzi aliyefungiwa. Tena ndiye anayemwamkia Kache kwa muda unaopita haja ya salamu.

Jumatano, 4 Agosti.

Nimekwisha.

Gari limefika, limeegeshwa Port Reitz. Nikaenda kumwamkia dereva, ambaye pia ndiye anayeendesha mashine na kueleza picha kwa kipaza sauti. Nikamuuliza picha yenyewe inahusu nini. Akasema choo na nzi. Wamo watu wawili, Bwana Msafi na Bwana Mchafu. Nikauliza, kwa sauti ya mtu asiyejali, aliyevaa fulana ya mistari ni yupi. Akanitazama. Akacheka. Akanitazama tena, akacheka mpaka akashika mlango wa gari. Mchafu!

Nikakaa chini. Sasa nakumbuka yote. Waliniambia niingie kichakani, nitoke, nikae, nile muhogo. Mimi nilidhani wanapenda mwendo wangu! Hakuna aliyenipa maji ya kunawa. Sikuyaomba.

Jukwaani ningeongeza neno moja, nikageuza mambo. Hii ilishafanyika Machi. Machi haibembelezeki.

Alhamisi, 5 Agosti.

Nimemwomba dereva akate kipande changu. Akasema picha ni mali ya serikali, na nikikatwa mimi atabaki nzi peke yake.

Shauri la pili: mchezo wa kanisani ufanywe Jumamosi hiyo hiyo, akina Mramba waje huku, sinema ipite bila wao. Nikaenda kwa Absalom na kofia mkononi. Mchezo ulipangiwa wiki ijayo. Akakubali kuusogeza, lakini taji ni la Fondo. Iliyobaki ni nafasi ya askari wa mlangoni, anayeshika mkuki bila kusema kitu. Nikaichukua.

Kisha mbio kwa Mzee Mramba. Shikamoo baba, marahaba. Nikamweleza kuwa sinema ni kivuli tu. Jukwaani yuko mtu hai, anapumua mbele yako, akilia unaona chozi. Mzee akanisikiliza mpaka mwisho. Akasema Jumatatu nilimwambia jukwaa ni la waliokosa kamera. Kache alikuwa anachambua mchicha. Hakuinua kichwa, lakini mkono ulisimama.

Mzee akasema vyema, watakuja. Mchezo saa kumi alasiri, sinema saa moja kiza kikishaingia. Wataona vyote viwili.

Sikufikiria kiza!

Ijumaa, 6 Agosti.

Nimeomba mvua. Mbingu nyeupe kama sahani.

Nikakutana na Kache akitoka kisimani. Nikamwambia kwenye sinema ataona mtu tunayefanana naye sana, ni binamu yangu wa Kaloleni. Akauliza anaitwa nani. Nikamsifia ndoo yake. Akatua ndoo.

"Charo, kama kuna jambo, niambie leo."

"Hakuna jambo."

"Haya."

Akajitwika ndoo, akaenda. Lile haya limenikaa kifuani tangu asubuhi.

Jumapili, 8 Agosti.

Jana. Niandike yote.

Mchezo ulianza vizuri. Kache mstari wa mbele na wazazi wake. Fondo akasahau maneno mapema. Nikamnong'oneza, watu wakadhani askari ndiye mshauri wa mfalme, wakapenda. Hapo nikapata wazo: mchezo usiishe! Mfalme alipotaka kufa nikamzuia. Nikasema habari zimekuja za vita. Baadaye habari za harusi. Watu wakapiga makofi. Fondo akalala chini afe, nikamwinua. Akalala tena, nikamwinua tena. Mwishowe Absalom akatoa mkono chini ya pazia, akanivuta mguu. Mfalme akafa. Nje jua lilikuwa bado halijatua.

Tukaenda Magongo, wote, kundi moja, kama watu wa harusi.

Mashine ikawaka. Nikatokea. Meno yangu kila moja kama hindi zima! Nikaingia kichakani mbele ya watu mia tatu, nikatoka, nikakalia kigoda, nikashika muhogo. Nzi akatua, mkubwa kama kuku. Uwanja ukalia kwa kicheko. Jina langu likaitwa kutoka pande zote. Nikamtazama Mzee Mramba. Hakucheka.

Sijui nilifikaje mbele. Nikasimama kati ya mwanga na shuka, picha yote ikaniangukia kifuani. Nikapiga kelele, ndugu zangu, nimeacha! Nanawa! Nikanawa hewa, viganja, vidole, mpaka viwiko. Watu wakazidi kucheka, wakisema geuka uone. Nikageuka. Yule wa nyuma yangu anatafuna. Nikamsihi aache. Hasikii! Nikampiga kofi, shuka likatikisika, akaendelea kutafuna huku anayumba. Dereva akaniambia kwa kipaza sauti nikae chini, Bwana Mchafu bado hajaugua.

Nikakaa. Akaugua.

Leo baada ya ibada nikaenda kusikia jibu. Mzee alikuwa ukumbini, Kache kasimama mlangoni.

"Yule wa kwenye shuka sina neno naye," mzee akasema. "Aliambiwa ale, akala. Yule aliyesimama mbele ya watu nikamwona anaogopa, nikamhurumia. Aliyekuja hapa Jumatatu, huyo simjui. Nisimwone tena."

Nikasema naam. Nikauliza posa je. Akasema nimuulize mwenyewe.

Kache akanisindikiza mpaka njia ya Jomvu. Akaniambia alijua tangu Aprili. Port Reitz nzima iliwaona wakipiga ile picha, na shangazi yake alikuwepo.

"Nilikuwa nangoja useme mwenyewe," akasema. "Ijumaa nilitua ndoo. Hukuona?"

Akasema amekubali, ila kwa sharti moja: neno lolote kunihusu alisikie kwangu kwanza, na liwe la kweli. Nikaapa. Nikalia kidogo. Nikamwahidi mbele ya Mungu kuwa Charo wa uongo kazikwa Magongo.

Jumanne, 10 Agosti.

Habari kubwa! Mjini wanatafuta watu wa kusoma taarifa redioni kwa Kiswahili. Kwa nini sikufikiria mapema? Sinema inaonyesha sura, jukwaa linaonyesha jasho. Redioni hakuna anayeona kitu! Sauti tupu, na sauti ninayo.

Nimewaambia wenzangu wa stoo kuwa kazi nimepata. Nimemwambia Absalom. Nimepita kwa Mzee Mramba, hakuwepo, nikamwachia mama yake Kache maneno: Ijumaa saa mbili wakae dukani karibu na redio, watamsikia mkwe wao.

Kache nitamweleza kesho, nikishajua barua ya maombi hupelekwa wapi.