Marehemu wa Mikese

Jumatatu, 9 Juni 2025

Watu wa filamu wamefika Mikese. Magari matatu, jenereta, na mwongozaji, dada Hosiana, asiyecheka ovyo. Wanatafuta watu wa kuigiza msiba. Nimemwambia mke wangu, Pili, sura yangu lazima ionekane. Akasema sawa, ila huu ndio mpango wangu wa mwisho. Nikishindwa, Jumamosi naanza kuuza nyanya barabarani chini ya kaka yake, Ahmadi. Ahmadi! Mtu anayepanga nyanya utadhani kapima kwa rula. Sishindwi.

Jumanne, 10 Juni

Nimewekwa mstari wa mwisho, nyuma ya nguzo ya turubai. Jirani yangu Stambuli kawekwa mbele. Stambuli, Mnyamwezi, mtani wetu sisi Waluguru, mwenye domo lisilo na breki. Nikakaa nikawaza. Kwenye kuaga mwili kamera inamtazama nani? Marehemu. Na marehemu wa filamu ni Mkristo, jeneza linaachwa wazi, uso wote nje. Mikese nzima imekataa kulala humo, wanasema ni kujitakia mkosi. Nikamfuata Hosiana, nikamwambia mimi hapa. Akauliza kama naweza kunyamaza. Nikasema nimezaliwa kimya. Pili akakohoa.

Jumatano, 11 Juni

Nimekufa saa nne asubuhi. Nimekufa vizuri, kila mtu kasifu. Waombolezaji wakapita mmoja mmoja, wengine na machozi ya kweli. Akafika Stambuli. Badala ya kupita, akafanya kile watani wanachofanya kwenye misiba yetu: akaanza kumsema marehemu. Eti alikuwa mvivu, hata kufa kakupendea kulala. Watu wakaangua kicheko. Hosiana akaashiria kamera iendelee. Nikavumilia. Eti alipiga mswaki Ijumaa kwa Ijumaa. Nikavumilia kwa shida. Eti aliwahi kukimbizwa na bata mbele ya wakwe zake.

Nikainuka, nikaketi, nikamwambia alikuwa bata mzinga.

Bibi mmoja wa kwaya alitimka mpaka ng'ambo ya barabara. Kiatu chake kimoja bado kinatafutwa.

Alhamisi, 12 Juni

Jeneza limefunikwa. Ndani kuna mifuko ya mchanga. Hosiana kasema mchanga unajua kunyamaza. Stambuli kapewa maneno ya kusema, ukurasa mzima. Pili hakunicheka. Aliniita Luqmani, si Baba Zuleha, nikajua ni mazito. Akasema mtani hakasirikiwi hata ukiwa hai, sembuse ukiwa umekufa. Nimeona aibu kwelikweli. Nilitaka anione mahali pa maana, hata mara moja tu.

Jumamosi, 14 Juni

Nyanya. Ahmadi kanipangulia mafungu mara nne.

Saa sita akapita Hosiana. Anatafuta wa kuigiza mgonjwa aliyepoteza fahamu hospitalini. Hasemi neno, hafumbui macho. Nikaweka nyanya chini kabla hajamaliza. Akasema hana mwingine. Nikauliza daktari ni nani.

Stambuli.

Haidhuru. Kesho nalala nimetulia kabisa. Safari hii majibu yangu nimeyaandika mapema.